Jinsi saratani ya mapafu inavyojigeuza

Uvimbe wa saratani ya mapafu si kitu kimoja. Huanza na seli moja iliyoharibika, aghalabu kwa moshi wa sigara, kisha uzao wake hutengana na kuwa koo mbalimbali, kila ukoo na kasoro zake.

Utafiti wa TRACERx, ulioanzishwa Uingereza mwaka wa 2014 chini ya Profesa Charles Swanton, huchunguza sehemu kadhaa za uvimbe mmoja. Matokeo ya wagonjwa 100 wa kwanza, yaliyochapishwa 2017, yalionyesha kwamba kasoro za jeni kama EGFR na TP53 huzuka mapema, hivyo huenea karibu katika seli zote. Zile za PIK3CA mara nyingi huchelewa, na huenda kipande kimoja kilichokatwa na daktari kisiwe nazo kabisa.

Mbinu za kukwepa kinga ya mwili ndizo za kustaajabisha zaidi. Katika takriban asilimia 40 ya uvimbe uliochunguzwa, seli zilikuwa zimepoteza jeni za HLA, ambazo huwaonyesha askari wa mwili adui alipo. Nyingine, kama ilivyobainika 2019, hazipotezi kitu: huizima tu jeni ambayo ingezifichua, maandishi yake yakibaki yalivyo.

Dawa nazo huchuja koo hizo. Vidonge vya erlotinib hunyausha uvimbe wenye kasoro ya EGFR, lakini baadaye huota tena. Karibu nusu ya wagonjwa hao hupatikana na kasoro ya pili, T790M, kwenye jeni iyo hiyo.