Neno "Wengi"

Katika miaka niliyokuwa mkufunzi wa sayansi katika chuo cha ualimu, kabla sijapelekwa kuwa mkuu wa shule, kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Tulikwenda kwa baiskeli, au kwa lori la chuo pale dizeli ilipopatikana, tukaketi nyuma ya darasa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Mwaka 1981 nilimkagua kijana mmoja, mtoto wa mvuvi kutoka pwani, aliyekuwa akilifundisha darasa la saba habari za vijidudu. Alifundisha vizuri. Ubao wake ulikuwa safi na sauti yake ilifika hadi nilipoketi. Lakini aliandika: "Bakteria wengi hawaonekani kwa macho." Nikamkata alama tatu. Baada ya kipindi nilimwita chini ya mwembe, nikamwambia kwamba neno sahihi ni "wote", kwamba mwalimu wa sayansi hatakiwi kusitasita mbele ya watoto, na kwamba kama anamjua bakteria mmoja anayeonekana kwa macho basi aniletee nimwone. Alijibu, "Nimeelewa, mwalimu," akarudi darasani, akafuta neno lake na kuandika langu.

Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi tangu nilipostaafu. Sababu yake ni kisa kilichotokea katika bahari ya Namibia, nacho nataka kumsimulia msomaji.

Kwanza nijitetee kidogo. Tangu Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft huko Uholanzi, alipowaona viumbe hawa kwa lenzi alizozitengeneza mwenyewe katika miaka ya 1670, udogo umekuwa ndicho kitambulisho chao. Bakteria wa kawaida ana urefu wa sehemu moja au mbili tu za milimita iliyogawanywa mara elfu. Na udogo huo una maana. Seli ya mmea au ya mnyama ina kiini kilichofungwa ndani ya utando wake, tena ina njia za kusafirisha vitu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Seli ya bakteria ni nyumba ya chumba kimoja. Chakula kikishapenya utando wa nje husambaa chenyewe, kama rangi inavyosambaa katika glasi ya maji yaliyotulia. Kwa safari fupi njia hiyo yatosha kabisa, lakini umbali ukiongezeka mara kumi, muda wa kusambaa huongezeka mara mia. Bakteria mkubwa, tuliambiwa, angeshiba pembeni na kufa njaa katikati. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofundisha, na hesabu yake mpaka leo ni sahihi.

Sasa twende Namibia. Pwani ile haifanani na yetu ya mashariki. Mkondo baridi wa Benguela hupita pale, na pepo huyasukuma maji ya juu kuelekea nje, kisha maji ya kina hupanda yakiwa yamejaa virutubisho. Viumbe vidogo vya majini huzaliana kupita kiasi, hufa, huzama, na kuoza chini ambako oksijeni ni haba. Ndiyo maana sakafu ya bahari ile ni matope laini ya kijani yenye harufu ya yai viza, yaani gesi ya salfaidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu. Mara nyingine gesi hiyo hufumka kutoka matopeni, samaki hufa kwa wingi, na kambakoche hutambaa wenyewe kutoka majini hadi mchangani wakitafuta hewa.

Mwezi wa Aprili 1997 mtafiti Heide Schulz, wa Taasisi ya Max Planck ya Mikrobiolojia ya Bahari iliyoko Bremen, Ujerumani, alikuwa ndani ya meli ya utafiti ya Kirusi akichunguza matope hayo. Yeye na wenzake walitarajia kupata ndugu wa bakteria wa Chile, ambao Victor Gallardo alikuwa ameandika habari zao mwaka 1977. Bakteria wa Chile ni nyuzi nyeupe zilizotanda chini ya bahari kama mkeka, tena zaonekana kwa macho, ingawa kila uzi ni mnyororo wa seli nyingi. (Mwaka 1977, msomaji, ni miaka minne kabla ya ule mwembe.) Namibia hawakuona nyuzi nyingi. Waliona punje nyeupe zinazong'aa, zimepangana kama shanga. Kila punje ilikuwa bakteria mmoja. Nyingi zilikuwa na upana wa kati ya milimita 0.1 na 0.3, na kubwa kupita zote ilifika milimita 0.75. Nukta itakayofunga sentensi hii ni ndogo kuliko hiyo. Taarifa ilitoka katika jarida la Science mwezi wa Aprili 1999, na kiumbe akapewa jina Thiomargarita namibiensis, yaani lulu ya salfa ya Namibia.

Basi ile hesabu ya kusambaa ilivunjwaje? Haikuvunjwa, na hapa ndipo ninapostaajabu kila ninaposoma. Lulu hii ni kama puto. Asilimia 98 ya ujazo wake ni mfuko wa maji ambao wanabiolojia huuita vakuoli. Sehemu iliyo hai ni ngozi nyembamba inayouzunguka mfuko huo, unene wake karibu sawa na bakteria wa kawaida. Katika ngozi hiyo zimo chembe za salfa, nazo ndizo zinazoipa weupe wake. Ndani ya mfuko mna nitrati iliyokolea zaidi ya mara elfu kumi kuliko katika maji ya bahari.

Maana ya akiba hizo mbili ni hii. Kiumbe huyu hupata nguvu kwa kuiunguza salfaidi, na mahali ambapo sisi tungetumia oksijeni yeye hutumia nitrati. Lakini salfaidi hutoka chini, matopeni, na nitrati iko juu, majini. Ndugu zake wa Chile hupanda na kushuka kuvifuata vyote viwili. Lulu haiwezi kutembea. Hukaa palepale ikingoja tufani au mfumko wa gesi uyatibue matope na kuirusha juu, hapo hujaza mfuko wake, kisha huzama tena. Nilipokuwa mkuu wa shule katika sehemu kame tulikuwa na tangi la saruji la maji ya mvua, na kila asubuhi nililigonga kwa jiwe nisikie yamebaki kiasi gani, kwa hiyo maisha haya nayaelewa. Matope yaliyohifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 5 bila kuongezewa nitrati yalikutwa baada ya zaidi ya miaka miwili yakiwa bado na lulu zilizo hai.

Mwaka 2022 ikatangazwa habari ya ndugu mwingine, Thiomargarita magnifica, ambaye Olivier Gros alimkuta mwaka 2009 kwenye majani yanayooza ya mikoko ya Guadeloupe, huko Karibi. Huyu ana urefu wa sentimita moja hivi, na wengine wamefika mbili. Tena DNA yake imefungwa ndani ya vifuko vidogo vyenye utando, jambo ambalo nilikuwa nikiwaambia wanachuo kwamba bakteria hawana kabisa. Nashukuru kwamba kwa hilo sikumkata mtu alama.

Yule kijana nilikutana naye msibani mwaka 2023, mvi kichwani, naye amestaafu. Akaniamkia, nikaitikia, tukaketi kwenye mkeka, nikamweleza yote haya tangu Namibia hadi Guadeloupe, na mwisho nikamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Zilikuwa tatu," akasema.

Nikamuuliza kwa nini siku ile aliandika "wengi". Akasema kwamba utotoni, alipokwenda kuvua usiku na baba yake, kasia likipiga maji bahari iliwaka, na waliambiwa kwamba ni vijidudu. Alikuwa ameviona, angeandikaje "wote"? Nikaanza kumweleza kwamba ule mwako kwa kawaida hutoka kwa viumbe wengine wa seli moja, ambao si bakteria.

"Kwa kawaida, mwalimu?"

Ikanibidi nimweleze pia habari ya Januari 1995, wakati bahari mbali na pwani ya Somalia ilipong'aa nyeupe kwa usiku tatu mfululizo, eneo la kilometa za mraba zaidi ya 15,000, hata mwanga wake ukaonekana katika picha za satelaiti, na kwamba wataalamu wanaona hao walikuwa bakteria. Tulikuwa bado kwenye habari hiyo tulipoitwa kwenda kunawa mikono tule.