URITHI WA MIZINGA: Ufugaji Nyuki katika Familia za Waha

Mgeni afikaye Kibirizi, kaskazini mwa mji wa Kigoma, huona kwanza mitumbwi na dagaa walioanikwa juani. Lakini nyuma ya vilima vya kando ya ziwa, kuelekea Kasulu na Uvinza, iko misitu ya miombo, na humo familia za Waha zimerithishana kazi nyingine tangu enzi za mababu: ufugaji wa nyuki.

Kazi hii ilifundishwa nyumbani. Kijana alifuatana na baba yake porini, akajifunza kuchonga mzinga wa gogo, kuutundika juu ya mti mbali na nyegere, na kurina usiku kwa moshi. Alifundishwa pia kutomaliza masega yote, ili nyuki wabaki na chakula chao. Asali ilikuwa chakula na dawa. Nta nayo ilikuwa miongoni mwa mazao yaliyouzwa ng'ambo tangu wakati wa utawala wa Wajerumani, ambao reli yao ilifika Kigoma mwaka 1914.

Hata hivyo, si kila desturi ilijenga. Mizinga mingi ilitengenezwa kwa magome ya miti, na mti uliochunwa gome pande zote hufa. Hivyo baba aliweza kumwachia mwanawe mizinga huku akimpunguzia miti ya kuitundika na maua ya kulisha nyuki. Mashamba mapya, kuni, mkaa na moto wa kiangazi vikaongeza hasara, na vilima vingi vya kando ya ziwa vikabaki vitupu.

Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ilitolewa mwaka 1998, na Sheria Na. 15 ya mwaka 2002 ikaweka utaratibu wa kutenga hifadhi za nyuki, zikiwemo za vijiji. Mizinga ya masanduku, isiyolazimu kupanda mti mrefu, imewafungulia mlango akina mama na mabinti, ambao zamani hawakuhesabiwa miongoni mwa warithi wa kazi hii.

Usharika unapoadhimisha miaka 100, historia hii ina fundisho kwa kizazi kijacho. Maandiko huitaja Kanaani kuwa nchi ijaayo maziwa na asali, na asali haipatikani pasipo maua. Mzinga huoza, mtoto ataweza kuchonga mwingine iwapo tu wazazi wamemwachia mti. Uwakili mwema wa uumbaji wa Mungu huanzia hapo.