Ukuaji na maendeleo ya mtoto: Somo la uuguzi linaloanzia kwenye mizani ya kliniki

Mwanafunzi wa uuguzi nchini Tanzania au Kenya hukutana na somo la ukuaji na maendeleo ya mtoto kwanza darasani, kisha hukutana nalo tena kliniki, mtoto akilia juu ya mizani na foleni ya akina mama ikiwa imefika mlangoni. Darasani somo hilo huonekana kama orodha ya miezi ya kukariri. Kliniki, muuguzi hutakiwa aamue kama mtoto aliye mbele yake anakwenda vizuri, au anahitaji kupelekwa kwa mtaalamu leo, kabla miezi ambayo ubongo hukua kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote haijapita.

Katika mazungumzo ya kila siku kitenzi "kukua" hubeba mambo mawili ambayo muuguzi hulazimika kuyatenganisha. Ukuaji ni ongezeko la mwili, nalo hupimwa kwa kilo na sentimita. Maendeleo ni uwezo mpya: kukaza shingo, kushika, kusema, kucheza na wenzake. Mara nyingi mambo hayo huenda pamoja, lakini si lazima. Mtoto mnene mwenye afya ya kupendeza machoni aweza kuwa hasikii, na mtoto mwembamba aweza kuwa mwepesi wa maneno kuliko wenzake wote. Mpango jumuishi wa taifa uliozinduliwa Tanzania mwezi Desemba 2021 ulifanya vema kuyataja malezi, makuzi na maendeleo kwa pamoja katika jina lake.

Kuhusu mwili, takwimu za msingi ni chache. Mtoto mchanga hupungua uzito katika siku za kwanza, hadi kufikia sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa, na kwa kawaida huwa ameurudisha anapofikisha wiki mbili. Katika mwezi wa tano hivi uzito huwa mara mbili ya ule wa kuzaliwa, na katika mwaka mmoja huwa karibu mara tatu. Urefu, ambao ni takriban sentimita 50 wakati wa kuzaliwa, hufikia takriban sentimita 75 katika umri huo.

Viwango vinavyotumiwa leo vilitolewa na Shirika la Afya Duniani, WHO, mwezi Aprili 2006. Vilitokana na utafiti wa kati ya mwaka 1997 na 2003 uliohusisha watoto wapatao 8,500 katika miji ya Pelotas nchini Brazil, Accra nchini Ghana, New Delhi nchini India, Oslo nchini Norway, Muscat nchini Oman na Davis nchini Marekani. Kabla ya hapo dunia ilitumia vipimo vya watoto wa Marekani, ambao wengi wao walilelewa kwa maziwa ya chupa. Utafiti mpya ulichagua watoto walionyonyeshwa na kuishi katika mazingira mazuri, na matokeo yake yalikuwa na uzito mkubwa: chini ya miaka mitano, watoto wa mabara hayo mbalimbali walirefuka kwa namna inayofanana sana. Maneno yanayosikika vijijini kwamba "sisi kwetu ni wafupi tangu mababu" hayatoshi tena kueleza kwa nini watoto wengi wa eneo moja ni wafupi.

Jambo hilo si la nadharia katika ukanda huu. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu zilionyesha kuwa udumavu uliwakumba asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Burundi mwaka 2016-17, asilimia 33 nchini Rwanda mwaka 2019-20, asilimia 30 nchini Tanzania mwaka 2022 na asilimia 18 nchini Kenya mwaka huo huo wa 2022. Mtoto aliyedumaa katika kijiji chenye wengi waliodumaa haonekani kuwa na tatizo. Hufichuliwa na kipimo tu.

Na kipimo chenyewe huharibika kwa urahisi. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa urefu akiwa amelala kwenye ubao, na watu wawili wakisaidiana: mmoja hushika kichwa, mwingine hunyoosha magoti na kusukuma kipande cha miguuni. Kuanzia miaka miwili hupimwa akiwa amesimama. Mtoto yule yule akipimwa amesimama huonekana mfupi kwa wastani wa sentimita 0.7 kuliko akiwa amelala, na sentimita moja iliyokosewa yatosha kumtoa mtoto kwenye kundi la waliodumaa au kumwingiza humo bila sababu. Mizani hurudishwa kwenye sifuri kabla ya kila mtoto, na nguo nzito huvuliwa hata kama foleni ni ndefu.

Kadi ya kliniki yenye mistari ya ukuaji ina asili ya Afrika Magharibi. Daktari Mwingereza David Morley aliibuni alipokuwa akifanya kazi Ilesa, Nigeria, akiiita njia ya afya. Nguvu ya kadi hiyo imo katika mwelekeo wa mstari zaidi ya nukta moja. Mtoto ambaye mstari wake umelala kwa miezi miwili au mitatu mfululizo yumo hatarini hata kama bado yuko kwenye eneo la kawaida, na huyo ndiye anayepitwa kwa urahisi zaidi siku ya msongamano.

Upande wa maendeleo, WHO ilitoa pia nyakati za hatua sita za mwili. Kukaa bila kuegemea hutokea kati ya miezi 3.8 na 9.2, kusimama mwenyewe kati ya miezi 6.9 na 16.9, na kutembea mwenyewe kati ya miezi 8.2 na 17.6. Upana huo ndio somo lenyewe: mtoto anayekwenda tete akiwa na miezi tisa na yule anayesubiri hadi miezi 16 wote ni wa kawaida. Katika utafiti huo watoto wapatao asilimia nne hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, wala hawakuwa na kasoro.

Upana huo lakini una ukomo. Mtoto asiyekaza shingo katika mwezi wa nne, asiyekaa bila kuegemea akipita miezi tisa, au asiyetembea katika miezi 18 huhitaji kuchunguzwa. Anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka hatazamwi kama mtumiaji wa mkono wa kushoto. Huenda upande wa pili ni dhaifu, na mtindio wa ubongo ni mojawapo ya sababu. Mtoto aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, kwa mfano maneno aliyokwisha kuyasema, hupewa rufaa mara moja, awe na umri wowote. Kauli kwamba wavulana huchelewa tu imewagharimu watoto wengi muda wa thamani.

Vifaa vya kupimia maendeleo navyo vina historia. Kipimo cha Denver, kilichochapishwa Marekani mwaka 1967, kilienea vyuoni duniani, na katika toleo lake la baadaye mtoto huulizwa kama hucheza karata au hujiandalia nafaka ya asubuhi. Mtoto wa kijijini ambaye hubeba maji na kumtunza mdogo wake angeonekana amechelewa kwa sababu tu nyumbani kwao hakuna karata. Mwaka 2008 watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walichapisha kipimo cha watoto wa miezi 6 hadi 35. Mwaka 2010 kilifuata cha Malawi, chenye vipengele 136 vya misuli mikubwa, mikono, lugha na mahusiano, kilichojaribiwa kwa watoto wa Malawi wenyewe.

Kwa mtoto njiti, umri huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, hadi afikishe miaka miwili. Aliyezaliwa wiki nane kabla ya wakati, akiwa na miezi sita, hulinganishwa na wa miezi minne. Kosa hapa humtia mama hofu bure.

Mama mwenyewe ni chanzo cha taarifa kisichopungua kadi. Swali la wazi, kama vile "Kuna jambo lolote kwa mtoto linalokutia wasiwasi?", huleta majibu ambayo mizani haiwezi kuyatoa. Muuguzi anayeandika barua ya rufaa hutaja umri uliorekebishwa, vipimo vya ziara zilizopita, kile ambacho mtoto hawezi kukifanya na kile anachokiweza, kama alichelewa kulia alipozaliwa au alipata manjano makali, pamoja na mwezi ambao mama aliona tofauti hiyo kwa mara ya kwanza.