Kituo cha Masafa Mafupi

Kituo cha masafa mafupi ni mahali penye mitambo na antena za kurushia matangazo ya redio kati ya megahezi 3 na 30, ambayo mawimbi yake hurudishwa ardhini na ionosfera, yaani tabaka la juu la angahewa lenye chembe zilizochajiwa umeme, na hivyo kusikika umbali wa maelfu ya kilomita. Kilichojulikana sana Afrika Mashariki ni kile cha Deutsche Welle, shirika la utangazaji la Ujerumani, mjini Kigali, kilichofunguliwa mwaka 1965 na kufungwa mwaka 2015, chenye mitambo ya kilowati 250.

Ujenzi hutegemea kwanza antena, kwa kuwa vipimo vyake hufuata urefu wa wimbi: katika megahezi 12 wimbi lina mita 25, hivyo waya wa nusu-wimbi hukaribia mita 12.5. Katika vituo vikubwa nyaya nyingi za namna hiyo hutundikwa kati ya minara mfano wa pazia, ili nguvu ielekezwe upande mmoja. Ndani ya jengo hufungwa mtambo wenyewe, ambao valvu zake, yaani mirija ya kielektroniki ya kukuza nguvu, hupozwa kwa hewa, maji au mvuke, na ambao kuunganishwa kwake na ardhi hakuvumilii uzembe, kwani volti zake hufikia maelfu. Kabla ya kuwashwa kwenye antena, mtambo hujaribiwa kwa mzigo bandia, yaani kifaa kinachogeuza nguvu yote kuwa joto bila kuirusha hewani.

Mbali na kile cha Kigali, kisiwani Unguja kituo cha Dole kimerusha matangazo ya Sauti ya Tanzania Zanzibar katika kilohezi 11735.