Kutoka Masta ya Kanda hadi Chaneli ya YouTube

Ugomvi kati ya mwanamuziki na mwenye kumrekodi jijini Dar es Salaam ni mkongwe kuliko neno lebo. Hadi miaka ya 1980 bendi nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, mwendo mfupi kutoka Buguruni. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo bendi iliyotaka santuri ilielekea Nairobi. Redio ilibaki na mikanda, bendi ikabaki na viingilio vya ukumbini. Kanda zilipoenea, wenye maduka wakaanza kudurufu nyimbo hizo bila kumuuliza mtu. Sheria ya Hakimiliki ya 1966 ilikuwapo, ila chombo cha kukusanya mirabaha hakikuwapo. Marijani Rajab, mzaliwa wa Kariakoo na mtunzi wa "Zuwena", mwishoni mwa maisha yake alijikimu kwa kibanda cha kuuza kanda. Alifariki 1995.

Redio na televisheni binafsi zilipoanza 1994, vijana wa bongo fleva walipata pa kusikika, na soko la Kariakoo likapata bidhaa mpya. Msanii alirekodi kwa prodyuza kama P-Funk au Master J, kisha akaichukua masta, yaani rekodi asilia, na kumpelekea msambazaji, ambaye mitaani aliitwa mdosi. Mdosi alichapa majalada, akadurufu kanda na kuzimwaga sokoni; wachuuzi wakazitembeza Barabara ya Uhuru yote, kutoka Kariakoo hadi vituo vya daladala vya Buguruni. Malipo yalikuwa ya namna mbili. Ama msanii aliuza masta moja kwa moja na kuondoka na fedha taslimu, ama alilipwa kwa kila kanda iliyouzwa. Namna ya pili ilionekana ya haki zaidi, lakini idadi ya kanda aliijua mdosi peke yake, na anayedaiwa ndiye aliyekuwa akihesabu deni. Wengi, wakiwa na kodi ya chumba ya kulipa, walichagua fedha ya mkononi, na albamu ikivuma walikuwa hawana tena cha kudai.

Sheria mpya ya 1999 ilizaa chombo hicho cha mirabaha, COSOTA, kilichoanza kazi 2001. Mwaka 2013 serikali ilileta stempu za kodi kwa kazi za muziki na filamu. Stempu hizo zilimkuta mgonjwa mahututi, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wameshahamia kwenye vibanda vya kujaziwa nyimbo katika memori kadi na flashi, ambako hapakuwa na jalada la kubandika kitu.

Pambano kubwa la kwanza la zama hizi za dijitali halikuhusu lebo, lilihusu simu. Wasanii AY na MwanaFA waliishtaki kampuni ya simu ya Tigo kwa kutumia nyimbo zao "Usije Mjini" na "Dakika Moja" kama miito ya simu bila idhini yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamua walipwe zaidi ya shilingi bilioni mbili. Kwa mara ya kwanza msanii wa kawaida aliona kwamba wimbo usio na kanda wala sidii una thamani inayoweza kutajwa mahakamani.

Wakati huohuo wasanii wenyewe walianza kuwa wadosi. Lebo ya WCB Wasafi ya mwanamuziki Diamond Platnumz ilimtoa Harmonize 2015, ikamsaini Rich Mavoko 2016, kisha wengine. Lebo ililipia studio, video, mavazi na matangazo, gharama ambazo kijana asiye na jina asingeziweza. Nayo ilishika mlango wa soko: chaneli ya YouTube, akaunti za mitandao ya kusikiliza muziki na mgawo wa shoo. Kwa mfumo huu watazamaji huhesabiwa hadharani, jambo ambalo kanda haikuwa nalo. Kinachofichika sasa ni fedha, kwani malipo hupitia kwanza kwa mwenye akaunti.

Rich Mavoko aliupeleka mgogoro wake na WCB kwenye Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) mwaka 2018, akajitoa. Harmonize aliondoka 2019, akaeleza hadharani kwamba mkataba ulimtaka alipe shilingi milioni 500 na kwamba ilimbidi auze mali zake. Rayvanny alifuata 2022, akiwa tayari ameanzisha Next Level Music. Harmonize na Rayvanny wote walifungua lebo zao na kuwasainisha wengine mikataba. Konde Gang ya Harmonize iliwapoteza Anjella, Killy na Cheed mwaka 2022. Mwaka 2025 Ibraah, msanii mwingine wa lebo hiyo, alijitokeza akisema anadaiwa shilingi bilioni moja ili aachiwe, akawaomba mashabiki wamchangie. BASATA ikaingilia kati.