Maruhubi: Kasri lililochukuliwa na moto, kisha na watu

KASRI la Maruhubi, lililojengwa ufukweni kilomita chache kaskazini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, lilikuwa na umri mfupi. Lilikamilika mwaka 1882, likateketea mwaka 1899.

Aliyelijenga ni Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi alipofariki dunia mwaka 1888. Mwaka 1875 alizuru Uingereza na kupokewa na Malkia Victoria. Inaelezwa kuwa ukuta mrefu wa mawe uliozunguka shamba la Maruhubi aliuiga kutoka kwenye majumba ya mashambani ya makabaila wa Kiingereza aliyoyaona huko.

Ghorofa ya juu ilikuwa ya mbao, yenye roshani pana zilizobebwa na nguzo nene za mawe. Chini kulikuwa na hamamu, mfereji wa kuleta maji na mabirika ya kuyahifadhi.

Kasri hilo lilikuwa makazi ya masuria wa Sultani. Masimulizi huwataja kuwa 99, hesabu inayowafurahisha watalii lakini isiyosema lolote kuhusu wanawake wenyewe. Suria alikuwa mtumwa. Mtoto aliyemzalia bwana wake, baba akimkubali, alikuwa huru na mrithi halali. Barghash mwenyewe alizaliwa na suria wa Kihabeshi.

Utajiri wa usultani nao ulitegemea jasho la watumwa. Mwaka 1873 Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Hata hivyo utumwa wenyewe ulibaki halali Unguja na Pemba hadi mwaka 1897, miaka miwili tu kabla ya kasri kuungua.

Moto uliteketeza mbao. Marumaru ya hamamu haikuungua, iliibwa. Zilizosalia ni nguzo zisizobeba kitu, kuta za hamamu na mabirika yaliyoota mayungiyungi.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini Maruhubi iko nje ya mipaka yake. Hata ndani ya mipaka hiyo hakuna dhamana: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba jingine la Barghash, iliporomoka na kuua watu. Jengo la kale lisipotunzwa huanguka, liwe limeungua au halikuungua.