Sarafu yenye herufi T

Mara nyingi tunaulizwa habari za vitu vya vita vya zamani: vifungo vya koti, nishani, visu vya bunduki, mikanda ya askari. Watu huvikuta katika masanduku ya wazee waliokwisha kufa, wala hawajui ni vya vita gani. Leo tuseme juu ya kimoja tu, kwa kuwa tulikishika mkononi.

Katika kijiji kimoja kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie, tulikwenda kuwafariji wafiwa. Wajukuu walifungua sanduku la marehemu. Ndani mlikuwa na nguo, karatasi zilizoliwa na mchwa, na kipande cha shaba ya manjano kilichofungwa katika kitambaa. Kijana mmoja akakichukua, akaanza kukisugua kwa majivu na ndimu, apate kukiuza. Tukamshika mkono. Kumbe, ni sarafu ya heller 20 ya Wadachi, ya mwaka 1916!

Zamani za amani, feza za Afrika Mashariki ya Wadachi zilitengenezwa Ulaya, zikaletwa kwa meli. Vita vilipoanza mwaka 1914, Waingereza wakafunga njia ya bahari, feza zikapungua. Na askari wasiolipwa hawakai. Basi serkali ya Wadachi, iliyokuwa imehamia Tabora, ikaweka mafundi katika karakana ya reli wapige sarafu papo hapo. Walikusanya shaba nyekundu na ya manjano walikoipata, hata maganda ya risasi. Kwa zahabu ya mgodi wa Sekenke walipiga tena sarafu za rupia 15, zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Hizo za zahabu hazikupita sana 16,000. Ye yote anayekuonyesha moja sokoni, umtazame vizuri usoni kwanza.

Mtu ataitambuaje sarafu ya Tabora? Atafute herufi ndogo. Sarafu iliyotengenezwa Berlin ina A. Ya Hamburg ina J. Ya Tabora ina T. Juu ya ile ya heller 20 kuna taji, mwaka 1916, na herufi D.O.A., ndiyo kifupi cha jina la nchi ile kwa Kidachi. Tena atazame neno HELLER: katika sarafu nyingine ncha za herufi L zimechongoka, katika nyingine zimepinda. Hilo si kosa la kuogopa. Mihuri ya kupigia ilichongwa zaidi ya mara moja, na mikono ya watu haifanani.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Wanafikiri kitu cha kweli lazima kiwe kizuri, nacho kibaya ni cha uongo. Kwa sarafu hizi, mambo ni kinyume. Zilipigwa kwa haraka, vitani, kwa mitambo ya kutengenezea magari ya moshi. Kwa hiyo nyingi zimekaa upande, nyingine zina ufa au taji lisiloonekana sawasawa. Ile inayong'aa bila kasoro ndiyo ya kuulizwa maswali. Sumaku nayo husaidia: ikiivuta, hiyo si shaba. Lakini usiisugue kamwe! Ule weusi wa miaka zaidi ya mia ni ushahidi, na ndimu huufuta kwa dakika moja.

Wajukuu wakatuuliza, feza ya Tabora ilifikaje kwetu? Mwishoni mwa mwezi wa saba mwaka 1916, askari wa Force Publique waliingia Kigoma, wakafuata reli kwenda mashariki. Wadachi waliokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja, hata magari ya moshi hayakuweza kupita. Mizigo ikabebwa kichwani. Tarehe 19 mwezi wa kenda Tabora ikatekwa. Jemadari Tombeur alipewa baadaye jina la heshima, Tombeur wa Tabora, na askari wakapewa nishani. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, mara nyingi kupita. Waliokufa kwa kuhara, kwa njaa na kwa baridi ya milimani, wengi majina yao hayakuandikwa po pote. Kwa hiyo mkusanyaji wa nishani atapata vitu vya askari na vya wakubwa. Cha mpagazi atakitafuta wapi?

Bibi mmoja mzee, aliyekuwa amekaa kimya pembeni, ndipo akasema: «Huyo aliyeileta ni babu yake marehemu. Hakushika bunduki. Alibeba masanduku ya risasi.»

Tukaomba karatasi. Sarafu peke yake ingeweza kusema Tabora na 1916. Mengine yalikuwa kinywani mwa bibi yule tu, naye ana umri mkubwa. Tukaandika jina la mpagazi, kijiji chake, watoto wake, na kwamba alitoka na vijana wenzake saba, wakarudi wawili. Kijana wa ndimu ndiye aliyeshika kalamu. Akauliza, alilipwa kiasi gani? Bibi akatikisa kichwa. Mstari ule tukauacha wazi, tukakunja karatasi, tukaifunga pamoja na sarafu katika kitambaa kile kile.